Makofi ya Kilo kwa Shangazi

Isome hii bila haraka, halafu mtumie mtu mmoja ambaye ana siku nyingi hajapigiwa makofi.

Katika shule moja ya sekondari ya wasichana, huko milimani kwenye mvua nyingi na migomba mingi, alikuwepo mwanafunzi aitwaye Atupele. Hesabu alikuwa anazitafuna. Fizikia ndiyo usiseme. Redio ikifa bwenini ililetwa kwake, na ilirudi ikiimba.

Lakini Atupele alikuwa na kasoro moja ambayo shule nzima waliijua. Alikuwa mchoyo wa makofi.

Pale shuleni, kama kwenye shule nyingi, kuna desturi. Mwanafunzi akijibu vizuri, mwalimu husema, "Mpigieni makofi ya kilo," na darasa zima hupiga kwa pamoja: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa! Matatu, matatu, na moja la kufungia. Hakuna anayechelewa, hakuna anayezidisha. Ukipigiwa makofi ya kilo asubuhi, hata maharage ya mchana siku hiyo yanakuwa matamu.

Akipigiwa Atupele, alitabasamu mpaka masikioni. Akipigiwa mwingine, mikono yake ilipata shughuli ghafla. Mara anatafuta kalamu, mara anafunga kiatu, mara anajikuna kisigino. Hakuwa na roho mbaya, msimwonee. Alidhani tu kwamba makofi yanaisha, na kwamba kila kofi lililokwenda kwa mwenzake limetolewa kwenye fungu lake.

Basi siku moja yakatangazwa mashindano ya roboti kwa shule za sekondari. Kila shule ilitakiwa kuunda roboti itakayobeba kikombe cha chai ya rangi, kimejaa mpaka ukingoni, kutoka kwenye mstari wa kuanzia hadi meza ya majaji. Roboti ifuate utepe mweusi uliobandikwa sakafuni, ipande vijituta vya mbao, ifike. Kuwahi kulikuwa na alama zake, na kutomwaga chai kulikuwa na alama zake.

Mkuu wa shule, Mwalimu Mwaipopo, mtu wa maneno machache, akamwita Atupele ofisini pamoja na wenzake wawili wa klabu ya sayansi. Mmoja ni Bupe, ambaye ukimpa kopo tupu asubuhi, jioni anakurudishia gari. Wa pili ni Sekela, msichana mpole, fundi wa nyaya na programu.

"Chumba mnachotumia kilikuwa stoo ya mahindi," akasema Mwalimu. "Mavuno yako njiani na mpishi ananisumbua kila siku. Nendeni mkashindane. Mkirudi na chochote, hata nafasi ya tatu, chumba ni chenu. Mkirudi hivi hivi, mahindi yanaingia ndani na klabu tunaifunga."

"Tumeelewa, Mwalimu."

"Haya, kazi njema."

Walipotoka nje, Bupe alicheka kama kawaida yake, lakini Atupele hakucheka. Kile chumba chenye harufu ya mahindi na risasi ya kulehemu ndicho kilichokuwa furaha yake. Uwanja wa netiboli ulimshinda, kwaya ilimshinda, hadithi za bwenini alikuwa hajui aziingilie wapi. Ndani ya chumba kile tu ndiko alikojiona mtu kati ya watu. Kukipoteza kulimwogopesha kuliko mtihani wowote.

Wakaanza kazi. Bupe aliunda magurudumu kwa vifuniko vya ndoo za rangi, akavizungushia raba za ndala zilizokatika ili visiteleze. Sekela alitengeneza macho ya kuufuata utepe. Atupele, akiwa kapteni, alipanga mwendo wote: wapi ipunguze, wapi ipinde, kijituta ikipande vipi.

Siku roboti ilipotembea kwa mara ya kwanza, ilitembea polepole, kwa heshima, ikiyumba kidogo huku na kidogo huku, na maji kwenye kikombe hayakutikisika.

"Jamani!" Bupe akapiga kelele. "Huyu anatembea kama shangazi yangu akiingia kanisani amechelewa na hajali!"

Jina likaanzia hapo. Akawa Shangazi.

Ikabaki kuamua namna ya kumwondosha. Sekela akasema waweke swichi, ubonyeze, aondoke, basi.

"Swichi kila mtu anayo," Atupele akakataa. "Sisi Shangazi wetu ataondoka kwa makofi ya kilo. Hebu fikirieni. Zamu yetu ikifika, ukumbi mzima utalazimika kutupigia makofi ndipo aondoke. Majaji watatusahau?"

Hapo nao wakaona ni wazo la kishujaa. Sekela akamtengenezea Shangazi sikio dogo la kusikia matatu, matatu, na moja. Akisikia hayo, taa yake ya kijani inawaka, anaondoka.

Najua wewe msomaji umeshaliona tatizo. Wao hawakuliona, na wangelionea wapi? Ndani ya chumba kile, chini ya kapteni yule, hakuna aliyewahi kupigiwa makofi isipokuwa Shangazi. Bupe alipopata wazo la ndala, hakupigiwa. Sekela alipomaliza macho, hakupigiwa. Shangazi alikua akijua kwamba makofi yote ya duniani ni yake.

Siku ya mashindano ikafika. Ukumbi wa mji ulijaa wanafunzi wa kila rangi ya sare, wazazi, na wauza karanga waliojifanya wazazi. Njia zilipangwa sambamba sakafuni, kila timu na utepe wake, na mwisho wa tepe zote ilikuwepo meza ndefu ya majaji. Katikati ya meza aliketi jaji mkuu, mhandisi Mama Kibona, mwenye miwani na uso usiochekacheka.

Mama Kibona akasimama, akasoma sheria.

"Mwaka jana mlitulaza hapa mkirekebisha hiki na kile," akasema. "Mwaka huu roboti zote zitawashwa sasa hivi, zitawekewa chai, na zitasimama kwenye mistari yake mpaka ziitwe. Roboti ikiguswa kabla ya zamu yake, imetoka. Anayetaka kubadilisha chochote kuanzia sasa, naye ametoka. Tumeelewana?"

"Ndiyooo!" ukumbi ukaitika.

Shangazi akawashwa, akawekewa chai, akatulia. Zamu yake ilikuwa ya mwisho kabisa. Atupele na wenzake wakasimama nyuma yake, karibu mno kiasi cha kuona mvuke wa chai. Pembeni, kwenye viti vya walimu, Mwalimu Mwaipopo aliketi amekunja mikono.

Wakaanza wavulana wa shule moja kubwa. Roboti yao ilikuwa nyembamba, ya kumetameta, ikaenda mbio, ikafika, imemwaga kidogo tu. Ukumbi ukachangamka. Mshereheshaji, bwana mmoja mnene mwenye tai nyekundu, akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, hawa vijana tuwape nini? Tuwape makofi ya kilo!"

Atupele akamgeukia Shangazi haraka.

Pa-pa-pa!

Kwenye kichwa cha Shangazi, taa ndogo ya njano ikawaka. Maana yake, ninasikiliza.

"Kapteni," Sekela akanong'ona. "Akimaliza kuyasikia anaondoka."

Pa-pa-pa!

"Tumzuieje?" Atupele akauliza.

"Anahesabu ukimya ulioko katikati. Ukimya ukivurugika, hesabu inafutika!"

Atupele hakufikiri mara mbili. Alianza kupiga makofi. Alipiga ovyo, kwa nguvu, bila mpangilio, karibu kabisa na sikio la Shangazi, papapapapapa, akaongeza na kigelegele ambacho hakujua kama anacho. Bupe na Sekela wakamfuata. Ukumbi mzima ulimaliza kilo yake kwa lile "pa" la mwisho, na wale wasichana watatu bado wanapiga kama mvua juu ya mabati.

Taa ya njano ikazimika. Shangazi akabaki palepale.

Watu wakageuka kuwatazama. Kapteni wa wavulana, aliyekuwa hajazoea kushangiliwa na wapinzani, akainamisha kichwa kushukuru.

"Mnaona upendo huo?" mshereheshaji akafurahi. "Wale mabinti pale wanashangilia wenzao kuliko hata wenyewe wanavyojishangilia! Hongereni sana!"

Bupe akanong'ona, "Kapteni, tuwaambie majaji ukweli."

"Hukusikia? Anayetaka kubadilisha ametoka. Na chumba je?" Atupele akajifuta jasho. "Tutapiga makofi mpaka mwisho. Kaeni tayari."

Na yule bwana wa tai nyekundu, Mungu ambariki, alikuwa anajua makofi ya aina moja tu. Kila timu ikimaliza, kilo. Roboti ikianguka njiani, kilo ya kuwapa moyo. Jaji akipiga chafya, nusura naye apigiwe kilo. Na kila mara Atupele, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kumpigia mtu makofi mawili yakatimia, aliruka, akapiga, akapaza sauti, akaita majina ya shule ambazo asubuhi ile alikuwa hazijui. Viganja vilianza kuwaka moto. Sauti ilianza kukwaruza.

Sasa, ili usipitwe na wakati wa kupiga makofi, ni lazima uangalie. Hapo ndipo mambo yalipoanza kumgeukia Atupele pole pole. Kwa kuwa alilazimika kuitazama kila timu, akaanza kuwaona.

Akaona timu iliyotengeneza chemchemi za kubembeleza kikombe kwa spoku za baiskeli. Akaona nyingine iliyokuwa na roboti kubwa kama jiko la mkaa, inanguruma, lakini inapinda kona kwa adabu. "Hii wameiwezaje?" akajiuliza kwa sauti, na hakuwa na wivu, alitaka kujua tu. Kwenye timu iliyofuata alijikuta ameanza kushangilia hata kabla mshereheshaji hajafungua mdomo.

Ikabaki timu moja kabla yao. Ilikuwa shule ya kutwa kutoka bondeni, wanafunzi wawili tu, mvulana aitwaye Ipyana na dada yake. Roboti yao ilifungwa kwa kamba za katani, na gurudumu moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. Kuna watu walicheka ilipoondoka.

Ilifika kwenye kijituta cha kwanza ikakwama. Ikarudi nyuma. Ikajaribu tena, ikakwama. Watu wakaanza kuguna. Dada yake Ipyana alifumba macho.

"Rudi nyuma zaidi," Atupele akajikuta anasema, kana kwamba roboti ile ilimsikia. "Rudi, rudi, halafu njoo na mwendo. Haya, mama, haya!"

Ile roboti ikarudi nyuma zaidi, ikaja na mwendo, ikaruka kijituta. Ukumbi ukalipuka. Ikafika cha pili, ikasita, ikapanda. Ikafika cha tatu. Muda ulikuwa unayoyoma. Dakika ya mwisho kabisa ikaigusa meza ya majaji, na chai ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Ipyana alimkumbatia dada yake wakaanguka wote wawili sakafuni wakicheka.

"Makofi ya kilo!" mshereheshaji akaunguruma.

Bupe na Sekela, mikono imewavimba, wakamwachia kapteni. Na kapteni alipiga. Alikuwa na machozi machoni na furaha imemjaa mpaka kooni, na alipiga jinsi mtu anavyopiga makofi akiwa anamaanisha: pamoja na ukumbi mzima, kwa mpangilio, kwa moyo wote.

Pa-pa-pa! Pa-pa-pa! Pa!

Taa ya kijani ikawaka. Shangazi akaondoka.

"Kapteni!" Bupe akamshika mkono. "Kapteni, umefanya nini!"

Atupele akageuka. Shangazi alikuwa ameshapita mstari, polepole, kwa heshima, akiyumba kidogo huku na kidogo huku, kikombe kimejaa. Kwa hatua moja tu Atupele angeweza kumkamata. Aliinua mguu, halafu akaushusha. Roboti ikiguswa, imetoka. Akaweka viganja vyake vinavyouma mdomoni, akaangalia chumba chake kikienda.

Kelele za ukumbi zikapungua kidogo kidogo kadiri watu walivyomwona. Hakuna aliyekuwa ameiita roboti ile. Hakuna saa iliyokuwa inapima. Shangazi hakujali. Akapanda kijituta cha kwanza, akashuka. Akapanda cha pili. Akapinda kona. Akafika meza ya majaji, akasimama mbele ya Mama Kibona, akazima taa yake. Chai haikuwa imemwagika hata tone.

Ukumbi wote ukanyoosha shingo.

Mama Kibona akaitazama ile chai. Akamtazama Shangazi. Akavua miwani.

"Nani ameiruhusu roboti hii?"

Atupele akajitokeza mbele ya watu wote. Sauti ilikuwa imebaki robo.

"Ni mimi, mama. Roboti yetu huondoka kwa makofi ya kilo. Nimewapigia wenzetu wa kutwa, nikasahau."

"Umesahau?" Mama Kibona akakunja uso. "Asubuhi nzima mlikuwa mnapiga makofi. Mbona hakuondoka?"

"Yale tulikuwa tunapiga ovyo makusudi, mama, ili asiyaelewe. Tulikuwa tunaogopa." Atupele akamtazama Ipyana. "Haya ya mwisho ndiyo nimepiga kweli."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akafuata mwingine, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata Ipyana pale chini alipokaa. Mshereheshaji alilazimika kujifuta macho kwa tai. Na Mama Kibona, mwenye uso usiochekacheka, alianza kutikisika mabega kwanza, akaishia kuonyesha meno.

Majaji wakainamiana, wakapekua sheria, wakanong'ona. Mwishowe Mama Kibona akasimama.

"Roboti imeondoka kabla ya kuitwa, kwa hiyo alama za kuwahi hawapati hata moja," akasema. Atupele akaangalia chini. "Lakini sheria inasema roboti isiguswe, na haikuguswa. Alama za kutomwaga wanapata zote, kwa sababu leo hakuna mwingine aliyeniletea kikombe kilichojaa."

Akakiinua kile kikombe, akakinywa mpaka chini. "Na nilikuwa na kiu," akaongeza.

Alama zilipojumlishwa, wa kwanza walikuwa wale wavulana wa roboti ya kumetameta. Wa pili, Ipyana na dada yake, maana nyingine nyingi zilianguka njiani au zilifika na kikombe kitupu. Wa tatu, Shangazi.

Mshereheshaji alipotaka kusema anachosema siku zote, ukumbi ulimtangulia. Shule zote zile ambazo Atupele alizipigia kelele tangu asubuhi zilisimama. Zilipiga makofi ovyo, bila mpangilio, na vigelegele juu, kama alivyozifundisha mwenyewe. Atupele alisimama katikati ya kelele ile akilia na kucheka, na kwa mara ya kwanza hakuhesabu ni makofi mangapi amepata.

Mwalimu Mwaipopo alikuja akampa mkono. Alipokishika kile kiganja kilichovimba, akakigeuza, akakitazama, akatikisa kichwa.

"Mpishi atatafuta pengine pa kuweka mahindi yake," akasema.

Jumatatu shule nzima ilikusanyika paredi. Shangazi aliwekwa juu ya jukwaa, amewashwa, kila mtu amwone. Mwalimu Mwaipopo akasimama, akakohoa. "Mpigieni Atupele makofi ya kilo."

"Samahani, Mwalimu," Atupele akanyoosha mkono. "Kuna makofi ya Bupe na Sekela ambayo niliyachelewesha. Naomba yaanze hayo."

Bupe akaangua kicheko chake. Sekela akaficha uso. Na shule nzima, Atupele akiwa wa kwanza, ikapiga: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa!

Shangazi akawasha taa ya kijani, akaondoka jukwaani kwa heshima zake zote, na Mwalimu Mwaipopo, mtu wa maneno machache, akaonekana na shule nzima akimkimbilia huku ameshika miwani yake isidondoke, akipiga kelele, "Shangazi! Shangazi, simama!"

Alimdaka ukingoni. Kilichofuata hakikuwa paredi tena, ilikuwa sherehe.

Wiki ile ile, ndani ya chumba chao, Sekela akamuuliza kapteni, "Na roboti ya mwakani tuiwekee nini cha kuondokea?"

"Swichi," Atupele akajibu, akiwa ameinama kazini.

"Swichi? Si ulisema kila mtu anayo?"

"Wacha kila mtu awe nayo. Makofi tutayahitaji kwa ajili ya watu."

Funzo: Makofi unayompigia mwenzako hayapunguzwi kwenye fungu lako. Mshangilie kwa moyo wote, kwa maana furaha unayoitoa bila choyo ndiyo inayoanza safari ya kwako, hata kabla hujaitwa.